Majirani wa Bibi Aurelia

Kelestini alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa, na hilo peke yake si kosa. Pale Nambeta wapo watu wenye tabia mbaya zaidi. Wapo wanaoazima jembe wakarudisha mpini. Yeye ukimwambia mvua itanyesha Jumanne, Jumatatu ameshaezeka. Kwa hiyo wataalamu walipokuja kusema kwamba italetwa ndege inayoona msitu mpaka chini kwenye udongo, Kelestini aliamini kwa moyo wake wote. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, ingawa siku hiyo hakuna aliyelijua, na watu walirudi nyumbani wakicheka.

Nambeta ni kijiji cha mpunga kando ya reli, ukitoka Ifakara unaelekea Mlimba. Upande mmoja ni mashamba na maji, upande wa pili ni vilima na msitu wa kijiji. Ndani ya msitu huo, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, ipo Nambeta ya zamani, walikoishi watu mpaka Operesheni Vijiji ilipowaswaga kuja huku chini. Nyumba zilianguka siku nyingi, na mashamba yakaota miti. Kilichobaki ni mivule, na kila mvule pale una mwenyewe. Katika ukoo wa kina Kelestini, mtu akizikwa, hupandwa mvule upande wa kichwa. Msalaba wa mti huwekwa pia, wao ni Wakatoliki wa kutosha, lakini msalaba huliwa na mchwa mwaka wa pili. Mvule hubaki.

Baba yake, Barnaba, amelala chini ya mvule mmojawapo. Hatua chache kutoka hapo ipo mivule miwili iliyosimama karibu karibu, ya Paulina na Faustin, dada na kaka yake Kelestini waliotangulia wakiwa bado wananyonya. Katikati, baina ya baba na watoto, pana nafasi. Nafasi hiyo ilikuwa ya mama yao, Bibi Aurelia, na aliijua kama unavyokijua kitanda chako. Kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, alikuwa anapanda huko na Kelestini kufagia, na akishamaliza kufagia anasimama hapo katikati na kukanyaga chini kwa kisigino.

"Hapa," anasema. "Usinipeleke kwingine, Kele. Kulia Barnaba, kushoto watoto wangu. Utanitajia, na usikosee."

Maana ndivyo wanavyozika. Kabla udongo haujarudishwa, mtoto mkubwa aliye hai husimama upande wa kichwa na kumwambia marehemu majirani zake: kulia kwako yuko fulani, kushoto kwako yuko fulani. Asipotajiwa, atalala kama mgeni aliyekaribishwa gizani, hajui hata mlango uko wapi. Na akitajiwa uongo, wazee walisema, hamwamini tena mtu wa nyumba ile. Mtamwita kwenye tambiko mpaka mkauke koo, haitiki. Padri alilijua jambo hilo na hakuligusa. Naye alikuwa Mpogoro wa Mahenge, na bibi yake alizikwa hivyohivyo.

Haya. Wataalamu wakaja. Aliyesema zaidi alikuwa Violeth, afisa misitu wa mradi, binti mwembamba mwenye sauti ya kutuliza, aliyeanza kwa kuwapa wazee shikamoo mmoja mmoja mpaka wakampenda kabla hajafungua mdomo kwa la maana.

"Ndege itapita juu ya msitu," alisema. "Itamwaga miale ya leza, ni mwanga tu, hauumi wala hauchomi. Miale mingi kuliko punje za mchele kwenye magunia yenu yote. Mingine itagonga majani ya juu na kurudi. Mingine itapenya katikati ya majani, ifike chini kwenye udongo, nayo irudi. Kwa tofauti hiyo tunajua kila mti una urefu gani, na ardhi iliyo chini yake imekaaje."

"Sasa ya nini hiyo?" aliuliza Mwenyekiti Melkiori, ambaye ni shemeji yake Kelestini, kaka wa mkewe Devota. Alikuwa anajua jibu, alishaambiwa ofisini, lakini mwenyekiti naye lazima asikike.

"Ya kupangia. Tukiujua msitu ulivyo, tunaandaa mpango wa kuusimamia. Wapi mvune mbao, wapi papumzishwe, na wapi pasiguswe kabisa. Bila hivyo mtakata kwa kubahatisha mpaka mbakie na vichaka."

Kelestini akanyoosha mkono. "Mwanangu, umesema inaona mpaka chini?"

"Mpaka chini, baba. Kichuguu kitaonekana. Njia ya zamani itaonekana. Hata matuta ya shamba lililoachwa miaka na miaka."

Mzee aliyekaa jirani yake akamsogelea sikioni. "Basi na wenyewe wataonekana," akanong'ona. Kelestini akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyesimama kutamka makaburi, na usiwalaumu. Waliolala msituni hawatajwi mbele ya mgeni ambaye hajatambulishwa kwao. Kwanza mkubwa wa ukoo anyunyize unga pale pale, aseme huyu ni nani na amefuata nini. Kuwataja kabla ya hapo ni kama kumfungulia mtu baki chumba alimolala baba yako. Na kwa nini watajwe, jamani, wakati ndege yenyewe itawaona?

Ndege ilikuja kiangazi, asubuhi ya anga safi. Ilikwenda na kurudi, ikaenda na kurudi, mstari kwa mstari, mithili ya trekta inayolima angani. Bibi Aurelia alitoka nje na fimbo yake, akaivua kanga ya kichwani na kuipunga juu. "Wasalimieni!" alipiga kelele. "Mwambieni Barnaba nakuja, nina magoti tu!" Watoto wa majirani walicheka hadi wakakaa chini.

Baadaye Violeth alirudi na wenzake wawili kupima miti kwa mkono. Ndege imepima kutoka juu, alieleza, sasa lazima wapime sehemu chache kutoka chini, walinganishe, waone kama mashine imesema kweli. Walihitaji mwenyeji wa kuwaongoza, na kamati ya maliasili ikamtoa Kelestini. "Tupeleke kwenye miti mikubwa kabisa, baba," Violeth alimwambia. Kelestini akawapeleka Nambeta ya zamani. Angewapeleka wapi kwingine? Mikubwa ni ile.

Wakaufunga utepe wa kupimia kiunoni mwa mvule wa Barnaba. Wakapigilia kibati chenye namba. Nyundo ilipolia Kelestini akajikaza, akajiambia hawa watu wanajua wanachofanya. Violeth alikuwa amesimama palepale katikati, mahali pa Bibi Aurelia, kalamu mkononi.

"Baba, hapa pana kitu kingine tunachopaswa kukijua?"

Alimtazama yule binti. Akaona uso wenye adabu. Akawaza, huyu anajua. Ndege imemwonyesha. Anauliza kama mtu anavyoingia kwenye nyumba ya msiba na kuuliza habari za hapa, wakati turubai limefungwa na vilio anavisikia. Mtu mwenye malezi kama huyu hawezi kumlazimisha mwenyeji ataje. Akamheshimu zaidi.

"Ni hivyo mlivyoona wenyewe," akajibu.

Violeth akatabasamu, akashukuru, akaandika. Wakaendelea na mti mwingine. Ee Mungu wangu, neno moja tu. Lakini watu wawili wenye adabu wakikutana, kila mmoja akimstahi mwenzake, wanaweza kuharibu kitu ambacho walevi wawili wangekimaliza kwa dakika moja kwa kutukanana.

Mpango ukasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Walibandika ramani ukutani, kubwa, ya rangi rangi. Palipopauka ni vichaka, pa kupumzishwa. Penye kijani cha kawaida ni pa kuvuna mbao kwa zamu. Na juu kule, penye kijani kilichoiva mpaka kukaribia weusi, Violeth alipagusa kwa ncha ya fimbo. "Hapa ndege imeona miti mirefu na mizito kuliko yote, na vipimo vya chini vimethibitisha. Huu ni moyo wa msitu wenu. Tunapendekeza hifadhi kamili. Pasiguswe na mtu yeyote."

Ilikuwa Nambeta ya zamani. Kelestini alihisi macho yanamjaa maji. Wamewaona! Wamewaona watu wetu, na kwa heshima wamewazungushia uzio bila kuwataja. Kura ilipoitwa alinyoosha mikono yote miwili.

"Shemeji, kura moja inatosha," Melkiori alimtania. "Au unampigia na marehemu?" Watu wakaangua kicheko. Kelestini alicheka kuliko wote.

Akaenda mbio kumweleza mama yake. Bibi Aurelia alipiga kigelegele kimoja chembamba, kilichokatika katikati kwa kukosa pumzi. "Sasa hakuna wa kumkata Barnaba," alisema. "Nilikuwa naogopa wavuna mbao. Sasa hata nikifa leo." Mwaka huo wote alikuwa mchangamfu. Jambo lililomuudhi lilikuwa moja tu, ng'ombe wa Nkwabi, mfugaji wa Kisukuma waliyepakana naye shamba, ambao kila msimu walikula kona ya mpunga wake. Walishagombana kwenye baraza la kata mpaka karani akawachoka. Nkwabi alipofariki masika yaliyofuata, akazikwa kwenye makaburi ya kijiji kando ya reli, Bibi alipeleka mchele wa msiba, mchele mzuri uliopepetwa, lakini mwenyewe hakwenda. "Siendi kumwonyesha meno," alisema.

Masika hayohayo miguu ya Bibi ilianza kuvimba. Akawa hawezi kulala chali, pumzi inamkaba. Kelestini na Devota walimpeleka hospitali Ifakara, wakafikia kwa ndugu, mtaa wa Kibaoni, wakawa wanapeleka uji asubuhi na jioni. Daktari alikuwa mtu mzuri. Alimwita Kelestini pembeni, akamwambia moyo wa mama umechoka, dawa zitamsaidia kupumua lakini hazitamrudishia moyo mwingine. Kama wana shughuli zao za kifamilia, wazifanye.

Wakarudi naye Nambeta. Jioni ileile, kabla hata hajaketi, Kelestini alikwenda kwa Melkiori kupanga mambo. Alikwenda kama mtu anayekwenda kumwarifu jirani kwamba atapitisha gari uani.

"Itabidi tupate vijana wa kubeba," alisema. "Kule juu ni mbali, na masika njia ina utelezi. Na wachimbaji watangulie siku moja kabla. Nimekuja uwajulishe walinzi wa msitu, wasije wakashtuka."

Melkiori alivua kofia, akaiweka gotini. "Kule juu wapi, shemeji?"

"Kule kwetu. Kwa mzee Barnaba."

"Kule hapaingiliki."

"Kuingia kwa kukata miti, najua. Sisi hatukati."

"Kuingia kwa lolote. Kukata, kuchimba, kulima, kulaza mifugo. Ndivyo sheria ndogo zinavyosema, na tulizipitisha sisi." Aliinua kofia, akairudisha gotini. "Wewe ulinyoosha mikono miwili."

"Nilinyoosha kwa sababu mmehifadhi makaburi!"

"Makaburi gani, Kelestini?" Melkiori aliuliza taratibu, na taratibu hiyo ndiyo iliyomtisha mwenzake. "Mimi mtu wa hapa ninajua yapo. Lakini kwenye mpango hayapo. Nilidhani mliyataja siku mliyopima. Ulikuwa nao wewe."

Melkiori akaendelea kueleza, naye si mtu mbaya, alieleza huku akijifuta shingo. Wakichimba pale, kibali cha kuvuna mbao kitasimamishwa. Madarasa ya shule yanategemea mbao hizo, paa limeshaondolewa. Na walinzi ni watoto wao wenyewe. Kila mmoja amekula kiapo mbele ya kijiji. "Nikifumba macho mimi," alisema, "kesho atakuja mwenye msumeno, aniambie mbona shemeji yako ulimwacha?"

Asubuhi Kelestini akapanda basi kwenda Ifakara kwa Violeth. Alimkuta ofisini, na yule binti aliruka kumpokea. "Shikamoo baba! Karibu, karibu kiti. Nyumbani hawajambo?" Kelestini akaitikia, akaketi, akaeleza yote, bila kupanga. Alipofika kwenye neno makaburi alilitamka kwa shida, kama mtu anayevua nguo mbele ya watu.

Violeth alifungua kompyuta, akatafuta, akaigeuza ili wote waone. Msitu ulikuwa umelala pale, vitone vingi vya kijani, kila mti umesimama peke yake. Akasogeza, akasogeza, mpaka Kelestini akaitambua. Ile mivule miwili ya watoto. Na ule mkubwa.

"Huyu ni baba yangu," alisema.

"Huu mti?"

"Chini yake. Ulisema mashine inaona mpaka chini. Naomba unionyeshe."

Violeth akabonyeza mahali. Miti yote ikatoweka mara moja, ikabaki ardhi tupu, ya kijivu, inayoonyesha mabonde na miinuko. Kelestini aliinama hadi pua ikakaribia kioo. Akakiona kichuguu. Kilikuwa kilekile, kile kilicho nyuma ya kaburi la Barnaba, chenye umbo la kiti, ambacho yeye akiwa mtoto alikuwa anakikalia mama yake akifagia. Mbele ya kichuguu hapakuwa na chochote. Mvua za miaka yote hiyo zilishausawazisha udongo. Baba yake hakuwa na kimo cha hata kichuguu.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Baba," Violeth alisema, "inaona umbo la ardhi. Kama hakuna tuta, haioni kitu. Haijui kilichomo ndani. Mbona nilipokuuliza hukuniambia?"

"Ulisema inaona mpaka chini."

Yule binti akaweka mkono mdomoni. Kisha akaanza kupiga simu. Alimpigia mkubwa wake Morogoro, akamweleza, akasihi, akasema ni kaburi moja tu, ni mama mmoja tu. Mkubwa naye hakufoka. Alisema pole sana, alisema hata yeye ana mama. Lakini mpango ukishapitishwa na kijiji na halmashauri, haubadilishwi kwa simu. Ubadilishwe kwa njia ileile uliyopitia, mikutano yote, saini zote, na kupitiwa upya kwake ni baada ya miaka mitano. Makaburi waliyazingatia kwenye vijiji vingine, yalipotajwa. Ataandika pendekezo.

Basi hebu niambie, mtu kama Kelestini amkasirikie nani? Daktari mzuri, shemeji mzuri, binti anasihi, mkubwa anatoa pole. Ukipigwa na mwizi utapiga yowe, majirani watatoka na marungu. Kelestini alipigwa na watu wema watupu, na hakukuwa na yowe la kupiga. Alirudi Nambeta amekaa dirishani, anautazama msitu juu ya vilima, na aliuchukia.

Vijana wa ukoo walisema twende kwa nguvu. Walisema jioni na wakasema tena asubuhi. Lakini mmoja wa walinzi, mpwa wake Devota, alikuja mwenyewe nyumbani, akachuchumaa mlangoni, bunduki ya doria kaiacha kwa jirani kwa heshima. "Baba mkubwa," alimwambia Kelestini, "msinitie majaribuni. Mkija nitawaona. Sasa nikishawaona nifanye nini mimi?" Alikuwa analengwalengwa na machozi. Kelestini akamwambia nenda, mwanangu, nenda kale. Vijana wakanyamaza.

Ndani, Bibi Aurelia alikuwa ameegemezwa kwenye mito, maana kulala chali hawezi. Alikuwa amebakiza macho tu.

"Wamekubali?" aliuliza.

Devota, aliyekuwa anamkanda miguu, hakuinua uso.

"Wamekubali, mama," Kelestini akasema.

"Kulia Barnaba."

"Kulia baba. Kushoto Paulina na Faustin."

"Afadhali." Akapumzika kidogo, akivuta hewa. Halafu kona ya mdomo ikacheza. "Nilikuwa naogopa mtanilaza relini na yule Nkwabi. Ng'ombe zake zingenifuata mpaka huko." Akacheka, kicheko kikawa kikohozi, Devota akamshika mgongo. "Utanitajia mwenyewe, Kele. Usimwachie mtu."

"Nitakutajia mwenyewe."

Alifariki siku iliyofuata mchana, watu wakiwa shambani, amelala ubavu kama msichana. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Kelestini aliuona utulivu ule, akajua umetoka wapi, na hakuweza kuuangalia.

Walimsomea Misa, wakambeba. Njia ya makaburi ya kijiji inafuatana na ile ya msituni mpaka njiapanda, penye kibao kipya cha mradi chenye maandishi ya kijani. Hapo wabebaji walipunguza mwendo bila kuambiwa. Kina mama wakasita kuimba. Kelestini alikuwa mbele, bega lake la kulia chini ya jeneza, akawa anajua kwamba mama anasubiri kupanda. Padri akakohoa. Wakashika njia ya reli.

Makaburi ya kijiji huchimbwa kwa mstari, kwa zamu. Hakuna kuchagua. Melkiori mwenyewe ndiye aliyeweka utaratibu huo, ili watu wasigombee vivuli, na ni utaratibu mzuri. Anayefuata hulazwa kando ya aliyetangulia. Tangu masika yaanze hakuwa amefariki mtu mwingine.

Jeneza likashushwa. Kamba zikavutwa. Padri akanyunyiza maji, akasema yake, akasogea pembeni kwa sababu alijua kinachofuata. Nyuma ya kina mama alisimama Violeth, amejifunga kanga, macho chini.

Kelestini akaenda upande wa kichwa. Usiku kucha alikuwa ameyageuza maneno. Akitaja kweli, mama atajua alidanganywa kwenye mto wake wa mwisho. Akitaja uongo, ataamka amtafute Barnaba kwa mkono wa kulia na hatamkuta, na hatamwitikia tena mtoto wake milele. Alikuwa amekwisha kuamua. Angemtaja Barnaba. Nani angemsahihisha?

"Mama," akaanza. "Kulia kwako yuko..."

Akaliona tuta la kulia, bado jekundu, halijaota hata jani.

"Mama, nilikudanganya," akasema. "Nilikwambia wamekubali. Hawakukubali. Hapa si kwa baba, hapa ni relini. Nimejaribu, mama, nimekwenda mpaka mjini, nimeshindwa. Baba na watoto wako huko juu, na mimi siwezi kukufikisha." Akajifuta pua kwa mkono wa shati, mtu mzima yule, mbele ya kijiji kizima. "Kulia kwako yuko Nkwabi."

Mama mmoja alicheka. Halikuwa kusudi lake, kicheko kilimtoka na papo hapo kikageuka kilio, na wengine wakafuata. Mjane wa Nkwabi, aliyekuwa mbele kabisa, akapiga magoti ukingoni. "Atakupokea, mama," alisema kwa Kiswahili chake cha Kisukuma. "Nitamwambia akupokee vizuri."

Kelestini akageukia upande wa pili. Palikuwa na majani tu, na shimo la kesho halijachimbwa, la yeyote atakayetangulia.

"Kushoto kwako hakuna mtu bado," akasema. "Nitaomba waniwekee mimi."

Akamtazama Melkiori. Melkiori alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alifungua mdomo, akatazama ule mstari wa makaburi, ulionyooka kama alivyoagiza, akainamisha kichwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kelestini akangoja kidogo, kisha akachukua koleo.